Viungo vya jikoni kwa viungo vya mwili: maswali kuhusu chakula cha Kihindi na maumivu ya maungio

Kiswahili kimetupa neno moja, viungo, kwa magoti yanayouma na kwa manjano yaliyo kabatini. Ili tusichanganyikiwe, hapa chini viungo ni vya mwili, na vile vya chunguni nimeviita vikolezo. Maswali ni yale ninayoulizwa tena na tena na ndugu na majirani tangu nilipokaa Chennai miezi 2 nikimuuguza mama, aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Mengi nilijifunza jikoni kwa mama mwenye nyumba tuliyopanga. Mengine nimeyasoma baadaye, nikitaka kujua kipi kimepimwa na kipi kinasemwa tu.

## Ya kuanzia

Je, vyakula vya Kihindi vinatibu maumivu ya viungo?

Havitibu. Vinasaidia, na tofauti hiyo naomba uishike kabla hujaendelea kusoma. Gegedu (ule mfupa laini wa maungio) lililolika ndani ya goti halirudi kwa mchuzi wa dengu, na kinga ya mwili iliyogeuka kuushambulia mwili haitulii kwa kikombe cha maziwa ya manjano. Kinachoweza kupungua ni ukali: ukakamavu wa asubuhi, uvimbe, idadi ya vidonge vya maumivu unavyomeza kwa wiki. Kwa mtu ambaye tumbo lake limeshachoshwa na diklofenaki, hilo ni jambo kubwa.

Tena msaada huo hautoki kwenye kijiko kimoja cha kikolezo. Unatoka kwenye mlo mzima unaorudiwa kila siku: dengu au choroko, mboga nyingi, samaki kwa wanaomla, mtindi, na vikolezo vilivyopitishwa kwenye mafuta kidogo. Anayekula chipsi na soda mchana kutwa, kisha akanywa manjano usiku, hajabadilisha chochote.

Baridi yabisi ni ugonjwa gani hasa?

Mitaani tunaita baridi yabisi karibu kila umivu la viungo, lakini chini ya jina hilo kuna magonjwa yasiyofanana. Kuna kulika kwa gegedu, hasa kwenye magoti, nyonga na vidole, kunakoletwa na umri, uzito na majeraha ya zamani. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utando wa viungo: hushika pande zote mbili kwa pamoja, mara nyingi vidole na vifundo vya mikono, na asubuhi mtu hukakamaa kwa muda mrefu, pengine saa nzima au zaidi, kabla vidole havijakubali kukunja. Madaktari wengi wakisema baridi yabisi humaanisha huu. Kisha kuna jongo, yaani fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo, aghalabu dole gumba la mguu, na kumwamsha mtu usiku wa manane.

Ayurveda, tiba ya jadi ya India, nayo inayatenganisha: sandhivata, amavata na vatarakta, na kwa sehemu kubwa yanakaribiana na hayo matatu. Angalia jinsi neno vata linavyojirudia. Ni nguvu ya mwilini ambayo vitabu vya Ayurveda vinaieleza kuwa ya baridi na ukavu. Sasa sikiliza jina letu: baridi, na yabisi, ambalo kwa Kiarabu ni kavu. Waganga wa pande mbili za Bahari ya Hindi waliusema ugonjwa huu kwa maneno yale yale. Ndiyo maana dawa za jikoni za kule zinaelekea upande wa joto na mafuta: tangawizi, samli, ufuta, supu za moto. Nadharia hiyo si ya maabara, lakini inakueleza kwa nini bibi wa Kihindi anafanya anachofanya.

Jambo la kivitendo: jua una ugonjwa upi kabla ya kubadilisha chakula. Anayefaa kula dagaa kwa wingi na anayepaswa kuwapunguza wanaweza wote kuwa wanasema “nina baridi yabisi”.

Nisubiri muda gani kabla ya kuona nafuu?

Wiki 4 hadi 12. Nafuu ya siku ya pili mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, kwa sababu maumivu ya viungo hupanda na kushuka bila kuulizwa. Weka daftari. Mama alikuwa akiandika kila asubuhi dakika ngapi zimepita tangu aamke mpaka aweze kushuka ngazi bila kushika ukuta, na nambari hizo zilitusaidia kuliko kumbukumbu.

## Manjano

Manjano, bizari na binzari ni kitu kimoja?

Inategemea uko wapi na muuzaji ni nani. Unachokitaka ni kile kizizi kinachofanana na tangawizi, rangi ya chungwa ndani, kinachotia madoa mikononi. Wahindi wa kaskazini wanakiita haldi, Watamil manjal. Sehemu nyingine huitwa bizari, lakini bizari hiyo hiyo yaweza kuwa unga wa mchuzi uliochanganywa vitu saba au vinane, na manjano ni sehemu tu ya huo mchanganyiko. Bizari nyembamba ni mbegu nyingine kabisa, jeera ya Wahindi. Mwambie muuzaji unataka manjano matupu.

Nile kiasi gani kwa siku?

Nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja, kikigawanywa kwenye mapishi ya siku nzima.

Hapa lazima tupige hesabu kwa uaminifu. Kitu kinachotafutwa ndani ya manjano ni kurkumini, na unga wa kawaida una takriban asilimia 3. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 3, basi kina miligramu 90 hivi. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 367 wa magoti yaliyolika: kundi moja lilipewa dondoo ya manjano, yaani kiini chake kilichokamuliwa, miligramu 1,500 kwa siku, jingine ibuprofeni miligramu 1,200, kwa wiki 4. Nafuu ya maumivu ililingana, na waliotumia manjano walisumbuliwa tumbo kwa uchache kuliko wenzao. Habari njema. Lakini kuifikia dozi hiyo kwa unga wa jikoni ungehitaji vijiko kama 17 kwa siku, na hakuna mchuzi unaobeba hivyo.

Kwa hiyo usichukue matokeo ya dondoo ukayapa jina la chakula. Manjano ya chunguni yanafanya kazi yake pole pole, yakiwa pamoja na vitu vingine, kwa miaka. Ndivyo wanavyoyala India: kila siku, kidogo, toka utotoni.

Kwa nini husemwa lazima yaende na pilipili manga na mafuta?

Kwa sababu kurkumini hupita tumboni bila kuingia mwilini sawasawa. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu wachache waliojitolea gramu 2 za kurkumini, na kwenye damu hawakuona karibu chochote. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali wake, kiasi kilichoingia kiliongezeka mara 20. Huhitaji kupima miligramu. Punje chache zilizotwangwa zinatosha.

Mafuta ni kwa sababu kurkumini huyeyuka ndani yake, si kwenye maji. Mapishi ya Kihindi yalilijua hili kwa vitendo kabla ya maabara. Wana kitu wanachokiita tadka: dengu zinachemka kwenye chungu chake, na pembeni, kwenye kikaango kidogo, samli au mafuta yanapata moto. Inaingia bizari nyembamba au mbegu za haradali, zinaruka na kupasuka. Kinafuata kitunguu saumu, jani la mvuje, manjano na pilipili manga, sekunde 20 au 30 tu, moto ukiwa umepunguzwa ili manjano yasiungue yakawa machungu. Kisha kikaango chote kinamiminwa juu ya dengu kwa mlio mmoja, na kifuniko kinafunikwa haraka ili harufu isitoroke. Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka ukurasa huu, chukua tadka. Inafaa juu ya maharage, kunde, mbaazi na mchicha vilevile.

Maziwa ya manjano hutengenezwaje?

Kikombe kimoja cha maziwa, robo hadi nusu kijiko cha chai cha manjano, punje 3 au 4 za pilipili manga zilizotwangwa, kipande cha tangawizi kilichopondwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika 5, ukikoroga. Tone la samli juu ikiwa maziwa ni ya mafuta kidogo. Wahindi hunywa kabla ya kulala. Maziwa yakikusumbua tumbo, tui la nazi jepesi linafaa, na kwa ulimi wa pwani ni tamu zaidi. Sukari iache, kama huwezi kabisa, tende moja.

Nitajuaje manjano yangu ni safi?

Swali hili watu huliuliza mara chache kuliko inavyostahili. Baadhi ya wafanyabiashara wa Asia ya Kusini wamekuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya manjano ya viwandani yenye madini ya risasi. Bangladesh ililichunguza tatizo hili na kulishughulikia kwa nguvu kuanzia 2019: sampuli za sokoni zilizokutwa na risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka huo hadi sifuri mwaka 2021. India na Pakistani nako kumekutwa manjano ya aina hiyo, Patna ikiwa miongoni mwa miji iliyotajwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na chungu cha nyumbani hulisha watoto pia.

Macho hayatoshi kugundua, ila mng'ao uliopita kiasi ni dalili ya kutilia shaka, hata kwenye mizizi mikavu, maana hiyo ndiyo hupakwa. Njia ninayoiamini ni kununua mizizi mibichi na kuikausha na kuisaga mwenyewe. Unguja, Pemba na Muheza tunalima manjano mazuri; aliye karibu nayo hana sababu ya kuagiza unga usiojua ulikotoka.

Vidonge vya manjano je?

Vidonge ni dozi nyingine kabisa, na vina hatari ambayo chakula hakina. Mwaka 2019 Italia ilitoa onyo baada ya visa vya homa ya ini kwa watumiaji wa virutubisho vya manjano. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 10 walioumia ini. Vidonge vya baadhi yao vilikuwa na pilipili manga, ile ile inayoongeza kuingia mwilini. Ni nadra, lakini ini likiharibika si mchezo. Ukianza kuvitumia na macho yakawa ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali. Kwa wenye dawa nyingine, soma sehemu ya mwisho.

Kubandika manjano kwenye goti kunasaidia?

India hukandika manjano na chokaa kidogo, au manjano na mafuta, kwenye kifundo kilichoteguka. Ni mila ya zamani kiasi kwamba Marekani ilipotoa hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, mwaka 1995 kwa matumizi ya manjano kuponyesha vidonda, baraza la utafiti wa sayansi la India liliipinga kwa kuonyesha maandishi ya kale, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kwa goti, joto la kibandiko na mkono unaokanda huenda ndivyo vinavyotuliza zaidi. Usibandike kwenye ngozi iliyochubuka, na chokaa isiguse ngozi laini.

## Chungu cha kila siku

Nje ya manjano, nianze na chakula gani?

Samaki wenye mafuta. Najua watu wanapenda kusikia jina la kikolezo, lakini kwa ule ugonjwa wa kinga ya mwili, mafuta ya samaki yana ushahidi imara kuliko chochote kingine kwenye ukurasa huu. Majaribio hutumia karibu gramu 3 za omega 3 kwa siku kwa miezi 3, kiasi ambacho sahani ya kawaida haifiki, ila kula samaki mara 2 au 3 kwa wiki kunakuelekeza huko.

Kerala wanakula mathi, dagaa wakubwa wa pwani yao, kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili, tangawizi, manjano na tunda kavu chachu liitwalo kudampuli, ndani ya chungu cha udongo. Goa na Mumbai wanampenda bangda. Huyo bangda ndiye kibua wetu, samaki yule yule wa bahari ile ile, na bei yake bado inamwezesha mtu wa kawaida. Mpike kwa mchuzi au umchome. Kumkaanga kwenye mafuta mengi yaliyotumika kunapoteza faida uliyoifuata. Mwenye jongo aruke mpaka swali la dengu kwanza.

Wahindi wasiokula samaki hutumia alsi, mbegu za kitani, zikisagwa na kunyunyizwa kwenye chapati au mtindi. Ni nzuri, lakini mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta yake kuwa yale ya samaki.

Tangawizi mbichi au kavu?

Zote. Mbichi kwenye chai na mchuzi, kavu (sonth) kwenye vitafunio vya majira ya baridi. Jaribio la Marekani la mwaka 2001, lililoanza na wagonjwa 261 wa magoti, lilionyesha dondoo ya tangawizi kushinda kidonge bandia kisicho na dawa, kwa kiasi cha wastani. Chai ya tangawizi bila sukari, vikombe 2 kwa siku, ni mwanzo rahisi. Kiungulia kikizidi, punguza.

Uwatu unasaidia viungo kweli?

Kaskazini mwa India, baridi ikiingia, akina mama hutengeneza methi laddu: unga wa uwatu uliolowekwa kwenye maziwa au kukaangwa kwenye samli, gundi ya mti inayoliwa, lozi, tangawizi kavu na sukari guru, vikafinyangwa kuwa maduara. Wazee hula moja asubuhi kwa ajili ya magoti. Pwani yetu tunaujua uwatu kwa mama aliyejifungua, na wao pia humpa mzazi laddu hizo.

Kwa viungo, ushahidi ni mdogo. Uwatu umepimwa vizuri zaidi kwa kushusha sukari ya damu. Laddu moja ina samli na sukari guru za kutosha kuharibu hesabu ya mtu anayetakiwa kupunguza uzito, kwa hiyo napendelea mbegu kijiko kimoja zilizolowekwa usiku kucha, au majani ya uwatu yaliyopikwa na viazi au dengu.

Na mlonge?

Kusini mwa India mlonge ni chakula kabla ya kuwa dawa. Maganda yake marefu huelea kwenye sambar, mchuzi wa mbaazi na ukwaju, na unayafyonza kama mtu anayefyonza muwa. Majani hupikwa na nazi. Yana protini, madini na vitamini nyingi. Kuhusu viungo hasa, madai yanazidi vipimo. Kula kama mboga, na utapata faida ya mboga.

Ila Chennai nilionyeshwa jani jingine ambalo sijalisahau. Mama mwenye nyumba alisikia kwamba mgeni wake ana goti bovu, akarudi kutoka sokoni na kitita cha mudakathan keerai, mmea unaotambaa wenye vitunda kama vibofu vya karatasi. Jina lake la Kitamil lina maana ya kinachoondoa ukakamavu. Alisaga majani mabichi na mchele na choroko nyeusi zilizolowekwa, akaacha uji uchachuke usiku, asubuhi akatoa dosa za kijani, nyembamba, zenye uchungu kidogo pembezoni. Mama alikula 3. Wapishi wa Tamil Nadu huzipika hivyo kwa wazee wao hata leo. Uchunguzi wa maabara umeona dalili za kupunguza uvimbe kwenye majani hayo, lakini maabara si goti la binadamu. Mmea huo huota mwitu Afrika Mashariki pia, nami nakuomba usiende kuchuma kichakani kwa kukisia. Majani yanayofanana ni mengi.

Ufuta na ulezi vina nafasi gani?

Ufuta una jaribio dogo la Iran, wagonjwa 50 wa magoti, gramu 40 kwa siku juu ya dawa zao, waliopata nafuu ya maumivu. India hula vitufe vya ufuta na sukari guru kwenye sikukuu ya Makar Sankranti katikati ya Januari, wakati baridi inauma viungo. Utwange ukaange mkavu, unyunyize kwenye mboga.

Ulezi ni wa mifupa zaidi ya maungio: gramu 100 zina kalsiamu takriban miligramu 340. Nafaka hii ilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki ikavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita, na Karnataka wanaisonga kuwa ragi mudde, ambayo ukiiona utasema ni ugali, kwa sababu ndiyo.

Mafuta gani nipikie?

Kaskazini na Bengal hutumia mafuta ya haradali, yenye omega 3 ya mimea. Nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, haziruhusu yauzwe kama chakula kwa sababu ya asidi ya eruki iliyomo. Ukiwa nayo, yatumie kwa kukandia magoti yakiwa ya uvuguvugu na kitunguu saumu, kama wanavyofanya wao. Alizeti au ufuta yanatosha kwa kupikia. Samli kijiko kimoja kwa siku haina ubaya kwa wengi. Kinachopaswa kutoka nyumbani ni mafuta yaliyogandishwa kiwandani yenye mafuta geu (trans fat), ambayo India iliyawekea kikomo cha asilimia 2 kuanzia 2022.

## Vyakula vinavyolaumiwa

Niache nyanya, biringanya, ukwaju, ndimu na mtindi?

Bibi wa Kihindi atakuambia chachu inaingia kwenye viungo, na mtindi wa usiku ni adui. Hakuna ushahidi mzuri wa hilo kwa watu wote, na ukiviondoa vyote sahani inabaki tupu: ndimu na mboga ndizo zenye vitamini C. Ikiwa wewe binafsi unahisi nyanya zinakuumiza, ziache wiki 3, zirudishe wiki 1, na uangalie daftari. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nina jongo. Dengu ni marufuku?

Si marufuku. Wengi huambiwa waache dengu na maharage kwa sababu zina purini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004, uliofuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12, uliona nyama na vyakula vya baharini vikiongeza hatari ya jongo, lakini mboga zenye purini nyingi hazikuiongeza, na maziwa yaliipunguza. Basi dengu na mtindi vibaki. Vya kupunguza ni maini, figo, nyama nyekundu, dagaa na vibua, pombe hasa bia, na soda zenye sukari. Ushauri wangu wa samaki hapo juu haukuhusu, au ukuhusu kidogo sana, mpaka daktari aone asidi ya yuriki imeshuka.

Sambusa, bajia na mithai?

Vya sikukuu. Kisa kikubwa ni uzito. Utafiti wa 2005 kuhusu watu wanene wenye magoti yaliyolika ulipima kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Hesabu hatua za siku moja. Hakuna kikolezo kinachofanya hivyo. Chai ya maziwa yenye vijiko 3 vya sukari, mara 4 kwa siku, ndiyo mahali pa kwanza ninapoangalia nikikaribishwa nyumbani kwa mwenye magoti mabovu.

## Hali za pekee

Chikungunya iliisha, viungo bado vinauma. Vyakula hivi vinafaa?

Vinafaa kama msaada. Ugonjwa huu unatuhusu kwa jina: neno ni la Kimakonde, likieleza mtu aliyejikunja kwa maumivu, kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. India ilipigwa vibaya 2005 na 2006, visa vilivyoshukiwa vikizidi milioni 1.3, na familia nyingi za kule zinajua maana ya kukaa miezi na vidole visivyokunja. Rasamu ya moto (maji ya ukwaju, nyanya, pilipili manga, saumu na manjano) ndiyo waliyokuwa wakinywa. Katika siku za mwanzo za homa usimeze aspirini wala ibuprofeni mpaka dengi iondolewe kwa kipimo, kwani dengi huleta kutokwa damu. Maumivu yakizidi miezi 3, muone daktari wa viungo.

Natumia dawa nyingine. Nichunge nini?

Chakula cha kawaida hakina tatizo kwa wengi. Tahadhari ni kwa dozi kubwa na vidonge. Mwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: manjano na tangawizi za vidonge zaweza kuongeza damu kutoka, na mboga za majani kama mlonge hubadilisha nguvu ya dawa, kwa hiyo ule kiasi kile kile kila wiki badala ya kuacha kabisa. Mwenye dawa za sukari: uwatu kila siku unaweza kuishusha mno, pima. Mwenye mawe ya nyongo asiguse vidonge vya manjano bila daktari. Mjamzito abaki kwenye kiasi cha mapishi.

Ubani wa Kihindi ni huu tunaofukiza?

Ni jamaa yake. Wa India ni Boswellia serrata, huitwa salai au shallaki, na dondoo yake imejaribiwa kwa magoti na kuonyesha nafuu. Ule wa Oman na Somalia ni wa miti mingine ya ukoo huo. Huu ni dawa, hauingii kwenye chakula.

Nimeuziwa unga wa Ayurveda usio na jina na umenituliza siku moja. Niendelee?

Usiendelee. Nafuu ya haraka kiasi hicho humfanya daktari ashuku steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, iliyochanganywa kwa siri. Na utafiti wa 2004 wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa maeneo ya Boston ulikuta moja kati ya kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Ikiwa umeshautumia wiki kadhaa, usiuache ghafla ukiwa peke yako, maana steroidi ikikatwa ghafla mwili unaweza kuzimia. Uchukue unga wenyewe, umpelekee daktari.

Nikiona nafuu, nipunguze methotreksati, dawa yangu ya kutuliza kinga ya mwili?

Hapana. Katika ule ugonjwa wa kinga ya mwili, mifupa huendelea kuliwa hata maumivu yakitulia, na kilichoharibika hakirudi. Anayepunguza ni daktari, akiwa na vipimo mkononi.

Wakati gani niache jikoni niende hospitali moja kwa moja?

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na huwezi kukisogeza, hasa ukiwa na homa au kutetemeka: hiyo yaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na gegedu huharibika ndani ya siku chache. Vivyo hivyo goti lililovimba baada ya kuanguka na halikubali kubeba mwili, ganzi ya miguu pamoja na mkojo kutozuilika, au mtoto anayechechemea mwenye homa. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usikibandike chochote kabla hakijaonwa.